Picha Zitolewazo Katika Video

Wasomaji wenzangu, yako makosa ambayo mtu huyaona madogo mpaka yachapwe katika gazeti. Mimi nilifanya moja la namna hiyo, na nalitaja hapa ili wengine wasilirudie.

Mwaka jana mpishi wetu mkuu, mzee aliyewapikia posho na maharage hata wengi wenu mliotutangulia, alifariki wakati wa likizo. Kamati ya gazeti ikataka sura yake. Picha haikuwako hata moja, ila video ya siku tulipomuaga, aliposema nasi kwa dakika nane. Kazi nikapewa mimi. Kwa haraka nikaisimamisha video katika kompyuta, nikaupiga picha uso wa kompyuta kwa simu, nikadhani nimemaliza. Gazeti lilipotoka, mzee alikuwa kama mtu aonekanaye nyuma ya moshi, tena macho yamefumbwa. Mjane wake alipokuja kuomba nakala ya kutundika nyumbani, sikuwa na la kumjibu.

Ndipo nilipojifunza. Video si kitu ila picha nyingi zipitazo upesi, mara nyingi 25 au 30 kwa kila sekunde. Basi dakika nane, kwa hesabu ya 25, ni picha 12,000. Nami nilichukua ile ya kwanza iliyonijia! Yafaa kwenda polepole. Katika programu ya VLC, kwa mfano, herufi E husogeza picha moja moja, na katika orodha ya Video pana amri ya kuihifadhi picha hiyo kwa ukubwa wake wote. Mngojee mtu mpaka atulie, kwa maana kichwa au mkono unaokwenda huacha ukungu.

Tena ichukuliwe video ile iliyotoka katika kamera, si ile iliyokwisha pita katika simu za watu kumi na kupunguzwa njiani. Video yenye upana wa pikseli 1,920 na kimo cha 1,080, ikichapwa kwa pikseli 300 kila inchi, hutoa picha ya upana wa inchi 6.4. Hiyo yatosha kabisa kwa gazeti letu.

Wako wasemao, "Ya nini taabu yote hii? Siku hizi kompyuta yenyewe husafisha picha." Mimi sikubali. Programu hizo hukisia yasiyokuwamo. Hutia jicho au jino mahali zisipoona kitu. Kwa picha ya mlima labda haidhuru. Lakini kwa uso wa marehemu, nani kati yetu atakayemwambia mjane kwamba nusu ni mumewe, na nusu ni makisio ya mashine?

Nilirudi kwenye kadi ya kamera, nikakaa jioni mbili, nikaipata picha moja mzee akicheka. Mama yule amekwisha pelekewa. Lakini gazeti lilikuwa limekwisha gawanywa, na ndani yake mzee wetu yu vilevile katika moshi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, kamati imchague mwanafunzi mmoja wa kutunza video za sherehe zetu, na kadi isifutwe kabla ya gazeti kutoka. Pili, ninyi ndugu zetu mliomaliza zamani, wengine mnazo kanda za kamera za miaka ile. Tuleteeni kanda zenyewe. Katika nyingi za hizo, kitu kinachokwenda hutoka na mistari kama meno ya kitana, kwa kuwa nusu ya mistari ya picha huchukuliwa kwanza na nusu nyingine baadaye. Lakini mtu aliyetulia hutoka vizuri, nasi tutamtafuta kwa saburi. Kanda huharibika kwa miaka, na wengi waliomo hawatapigwa picha tena. Msichelewe kama nilivyochelewa mimi.