Wiketi 800, Halafu Umwache Nje?

Sitazunguka. Orodha yoyote ya timu bora ya kriketi ya Testi ya nyakati zote ambayo haina jina la Muttiah Muralitharan ni orodha ya marafiki, si timu. Nimesema. Mkitaka kunitukana karibuni, lakini someni kwanza hadi mwisho.

Na msidhani nagombana na vijana wa mtandaoni peke yao. Mwaka 2010 ESPNcricinfo walikalisha jopo likachagua kikosi chao cha dunia: Hobbs, Hutton, Bradman, Tendulkar, Viv Richards, Sobers, Gilchrist, Marshall, Warne, Wasim Akram na Lillee. Murali hayumo. Mwaka 2013 Wisden, kile kitabu ambacho watu wa kriketi hukishika kama msahafu, kilifikisha toleo la 150 na wao wakatoa kikosi chao. Murali hayumo tena. Lakini W.G. Grace yumo! Grace, mwenye wastani wa mikimbio 32 katika mechi 22 za Testi.

Sina ubaya na mzee Grace. Huyo ndiye aliyeufanya mchezo uwe mchezo kule Uingereza, na mechi yake ya kwanza ya Testi aliicheza 1880 akiwa tayari na miaka 32, kwa hivyo ubora wake mwingi ulipita kabla Testi hazijawa jambo la kawaida. Sawa. Ila jameni, mnachagua timu ya Testi au mnajenga sanamu? Kama sifa za nje ya Testi zinahesabika kwa mzee mwenye ndevu, mbona wiketi 800 za ndani ya Testi hazihesabiki kwa kijana wa Kandy ambaye baba yake alikuwa akitengeneza biskuti?

Kwa wale wangu wa soka ambao kriketi mnaiona tu kwa TV ya jirani, wacha niwape dakika moja. Mechi ya Testi ni siku tano. Kila upande unapata zamu mbili za kupiga. Zamu inaisha ukiwatoa wapigaji kumi. Ili ushinde, mara nyingi inabidi uwatoe watu 20, yaani wiketi 20. Unaweza kupiga mikimbio mpaka jua lichoke, lakini kama hujapata hizo wiketi 20, siku ya tano mnapeana mikono mnaenda nyumbani sare. Ndiyo maana mimi kikosi naanza kukijenga kwa warushaji, halafu wapigaji wanafuata. Watu wengi hufanya kinyume. Wanajaza majina matamu ya wapigaji kwanza, kisha wanakumbuka, aah, kuna mtu anapaswa kurusha mpira.

Unataka ushahidi? Mwaka 2001 Brian Lara alienda Sri Lanka akapiga mikimbio 688 katika mechi tatu tu. Mechi tatu! Yaani mtu alikuwa moto kupita kiasi. Matokeo? West Indies walipoteza zote tatu. Waliowafunga ni Murali na mwenzake Chaminda Vaas. Kila nikisikia mtu anabishana saa nzima Lara au Tendulkar, nakumbuka hiyo safari.

Sasa tuje kwa Murali mwenyewe. Mechi 133, wiketi 800, wastani wa 22.72 kwa kila wiketi. Mara 67 alichukua wiketi tano au zaidi katika zamu moja. Shane Warne, ambaye ndiye kila jopo linamchagua, alifanya hivyo mara 37. Mara 22 Murali alichukua wiketi kumi au zaidi katika mechi moja. Warne mara 10. Hapa hatuongelei tofauti ya nywele.

Na kuna ile mechi ya The Oval, London, Agosti 1998. Nahodha Arjuna Ranatunga anashinda sarafu na uwanja ni mzuri wa kupiga. Kila mtu anangoja aseme tunapiga. Anasema, hapana, pigeni nyinyi. Watu wakashangaa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: akimtumia Murali mwanzo, Sri Lanka watapiga katikati, Murali apumzishe bega, kisha arudi tena mwishoni. Uingereza wakapata 445. Saba kati ya wiketi hizo ni za Murali. Sri Lanka wakajibu kwa 591, Jayasuriya akiwa na 213. Kisha Murali akarudi akachukua tisa. Tisa! Ile ya kumi ni mtu aliyekamatwa akikimbia katikati, la sivyo angezoa zote. Wiketi 16 katika mechi moja, ugenini, tena mechi ambayo Uingereza waliwapa Sri Lanka moja tu badala ya mfululizo kamili, kama vile unavyompa mgeni kiti cha plastiki pale mlangoni.

Najua mtakalosema. "Mkono wake." Eti alikuwa anatupa mpira badala ya kuurusha kihalali, kama mtoto anayetungua embe kwa jiwe. Haya, tuliongee, kwa sababu hapa ndipo kuna mambo.

Siku ya tarehe 26 Desemba 1995, pale Melbourne, mbele ya maelfu ya watu, mwamuzi Darrell Hair alianza kumwitia noboli, moja baada ya nyingine, kwa madai kwamba ananyoosha kiwiko. Ukweli ni kwamba kiwiko cha Murali hakinyooki kabisa tangu azaliwe. Alizaliwa nacho hivyo. Akapelekwa maabara, akafungwa vifaa, akapimwa, akapimwa tena. Baadaye alirusha hata mbele ya kamera akiwa amefungwa kifaa cha kukaza mkono usikunjuke, na mpira bado ukazunguka vilevile. Mwaka 2004 Waziri Mkuu wa Australia, John Howard, naye akajitosa kusema hadharani kwamba jamaa anatupa. Hebu fikiria, waziri mkuu mzima wa nchi!

Halafu ikatokea nini? ICC ikawapima warushaji wengi kwa kamera za kisasa, na ikabainika kwamba karibu wote hukunjua kiwiko kiasi fulani wanaporusha, wakiwemo wale ambao jicho la kawaida liliwaona safi kama maji ya chupa. Ndipo sheria ikawekwa, nyuzi 15 kwa kila mtu. Watu husema sheria ilibadilishwa kwa ajili ya Murali. Mimi nauliza, mbona hamsemi kwamba iliwaokoa hata vipenzi vyenu? Ukimtoa Murali kwenye kikosi kwa sababu ya kiwiko, basi pitia na wengine wote kwa kipimo hicho hicho. Huwezi kupima mkono wa mtu mmoja na mikono mingine ukaiamini kwa macho.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, siikimbii. Wiketi 176 za Murali ni dhidi ya Zimbabwe na Bangladesh, timu zilizokuwa dhaifu. Kweli. Warne ana 17 tu dhidi ya hao. Haya, ziondoe zote. Murali anabaki na 624 katika mechi 108. Warne anabaki na 691 katika mechi 142. Chukua simu yako upige hesabu: Murali karibu wiketi sita kwa mechi, Warne hafikishi tano. Unaweza kusema Murali alikula peke yake kwa kuwa wenzake walikuwa wachache, na ni kweli. Lakini geuza shilingi. Warne upande wa pili alikuwa na Glenn McGrath, mtu wa wiketi 563, anawabana wapigaji hadi wanakosa hewa. Murali ukimvumilia ungeweza kungoja kupumua upande wa pili. Nani alikuwa na kazi rahisi hapo?

Ndiyo, Australia ilimshinda Murali. Wiketi 12 katika mechi tano kule kwao, wastani wa 75. Hiyo ni mbaya, sitaipaka rangi. Lakini Warne dhidi ya India wastani wake ni 47, na India ndio watu wanaojua mpira wa kuzunguka kuliko wote. Mbona doa la mmoja linaitwa aibu na la mwingine linaitwa "India ni wagumu"?

Mtaniuliza, wewe Mkenya haya yanakuhusu nini? Yananihusu hivi. Sisi hatuna mtu wetu kwenye hii mizani. Steve Tikolo hakucheza Testi hata moja kwa sababu Kenya haikuwahi kupewa hadhi hiyo, hata baada ya kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Muingereza atavuta kwake, Muaustralia kwake, Mhindi kwake. Mimi natazama nikiwa nje ya uzio. Tena kama ni chuki, ningeweza kumdharau Murali kirahisi, kwa sababu 2003 alikuja hapa Nairobi, Gymkhana, akiwa na Sri Lanka yote, na tukawapiga. Collins Obuya, kijana wetu, ndiye aliyezungusha mpira siku hiyo akachukua wiketi tano kwa mikimbio 24. Ni raha ambayo hatujaimaliza mpaka leo. Lakini tulishangilia hivyo kwa sababu tulijua ni nani tumemfunga.

Basi kikosi changu hiki hapa. Wafunguaji ni Jack Hobbs na Sunil Gavaskar, maana Gavaskar alipiga senchuri 13 dhidi ya West Indies, na hao si watu wa kuchezewa. Namba tatu ni Bradman, 99.94, tusipoteze muda. Nne Tendulkar, tano Viv Richards, ambaye hakuvaa helmeti maisha yake yote ya kriketi. Lara amebaki nje na imeniuma, kweli imeniuma. Sita Garfield Sobers, anayepiga kwa wastani wa 57 na kurusha kasi au kuzungusha upendavyo. Saba Adam Gilchrist alinde wiketi.

Nane ni Imran Khan, na kitambaa cha unahodha ni chake. Mrushaji wa wiketi 362 ambaye pia anaweza kukupigia 50 ni bahati. Tisa Malcolm Marshall, yule ambaye mwaka 1984 kule Headingley alivunjika kidole gumba cha kushoto, akatoka kupiga kwa mkono mmoja ili mwenzake Larry Gomes afikishe 100, kisha akiwa na plasta hiyo hiyo akawatoa Waingereza saba. Kumi Wasim Akram, mkono wa kushoto. Kumi na moja Murali.

Warne? Warne ni mchezaji wa 12. Atatuletea maji, na kama uwanja ni wa vumbi namtoa Wasim namwingiza yeye acheze sambamba na Murali, upande huu na upande ule.

Mwenye kikosi kingine akiweke hapo chini, majina 11, na Murali akiwa nje uniambie nani amechukua nafasi yake na kwa wiketi ngapi. Na asiniletee Grace.