Bei ya gesi yapunguzwa, mafiga yangali jikoni

SERIKALI ilipoondoa ushuru wa VAT kwa gesi ya kupikia mwaka 2023, ilikusudia kuwapunguzia wananchi gharama na moshi wa kuni. Hata hivyo, katika maeneo ya mashambani kama Nyamarambe, Kaunti ya Kisii, mtungi hauyaondoi mafiga. Mara nyingi huwekwa kando yake. Hapo ndipo penye hatari. Gesi hii ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutambaa sakafuni hadi kwenye moto. Hivyo, mtungi usimame wima, penye hewa, mbali na mafiga. Kila unapobadilishwa, maungio ya mpira yapakwe maji ya sabuni. Povu likifura, gesi inavuja na ifungwe mara moja. Wauzaji wasipowafundisha wateja haya, nafuu ya bei itageuka majonzi.