Viza ndefu isimrudishe msafiri nyumbani



Nchi nyingi za Schengen humtaka mwombaji wa viza ya zaidi ya siku 90 apeleke maombi kwenye ubalozi ulioko nchi anakoishi kisheria. Mtanzania aliyeko Nairobi kwa kazi ya muda mara nyingi hana budi kurudi Dar es Salaam. Naona kanuni hiyo inabana mno. Sheria ya viza ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, inayohusu viza fupi, humruhusu mtu aliyepo kihalali bila kuwa mkazi aombe hapo alipo, mradi atoe sababu ya kuridhisha. Viza ndefu zimeachiwa sheria za kila nchi, kwa hiyo hakuna kinachozuia utaratibu huo kuigwa.

Wapo watakaosema vyeti vya Tanzania hutambulika vizuri zaidi Dar es Salaam. Hoja hiyo ina uzito, lakini balozi za nchi moja zilizoko Dar es Salaam na Nairobi ni za wizara moja. Ule wa Nairobi uwaulize wenzake. Wengine wanahofia waombaji kukimbilia ubalozi mlegevu. Kama upo, wa kurekebishwa ni ubalozi, si msafiri. Kigumu zaidi ni pasipoti: ikishikiliwa wiki kadhaa, aliye safarini amekwama. Ikaguliwe, arudishiwe, iitwe tena siku ya kubandika stika ya viza.

Msomaji,
Dar es Salaam