DNA haikuijenga Shanga

Mwandishi wa makala ya juma lililopita ametangaza kuwa ubishi umekwisha: miji ya Waswahili ilijengwa na Waajemi, na DNA imethibitisha. Nina shaka kama aliusoma utafiti anaoutegemea.

Utafiti huo wa 2023 ulipima mabaki ya watu 80. Ndiyo, asili ya Kiajemi imo, hasa upande wa baba. Upande wa mama ni Waafrika karibu watupu, na kuchanganyika kwenyewe kulianza karibu na mwaka 1000. Sasa twende Shanga, kisiwani Pate. Chini ya msikiti wa mawe, mwanaakiolojia Mark Horton alikuta mabaki ya misikiti ya miti, ya kale kabisa ikiwa ya karne ya 8. Nani aliisimika miti hiyo? Wakwe ambao hawajaja kuposa?

Tena mifupa mingi iliyopimwa DNA ilitoka katika makaburi ya wenye hadhi. Mvuvi na mkulima hawakuulizwa, kama ilivyo ada. (Neville Chittick naye, aliyechimba Kilwa miaka ya 1960, aliwatazama waungwana akawaona wageni.) Nasaba ya aliyezikwa kando ya msikiti haitwambii nani alichonga matumbawe ya msikiti huo.