Bure Yenu Tunailipia

Acheni kutuambia eti maskini hajali faragha. Hapa Mitunguu hakuna mkulima wa ndizi anayemwonyesha broka salio la M-Pesa kabla ya kukubaliana bei ya mkungu. Anajua vizuri: broka akishajua una shida, bei inashuka. Faragha ni hiyo, na tulikuwa nayo kabla ya simu.

Sasa mkulima huyohuyo anaweka programu ya tochi, ya bure. Tochi inataka kujua yuko wapi. Tochi inataka majina yote aliyohifadhi. Tochi! Halafu matangazo yanaanza: mkopo wa dakika mbili, kamari, mkopo tena. Broka mpya ameingia mfukoni, na salio ashaliona.

"Si ulikubali mwenyewe?" Hapo ndipo wananiudhi. Mwenye pesa hulipa kila mwezi matangazo yakaondoka. Sisi wa bando la 20 bob tunabonyeza "Kubali" kwa sababu kitufe cha pili maana yake ni kukaa bila. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema ridhaa iwe ya hiari, na mtu aelewe anachokubali. Hiari gani hiyo?

Mnakumbuka foleni za Worldcoin pale KICC, 2023? Watu walipigwa picha za mboni za macho wapate sarafu za karibu shilingi 7,000. Mtandaoni wakachekwa, wakaitwa wajinga. Ujinga uko wapi? Hiyo ilikuwa kodi ya nyumba. Serikali ilisimamisha zoezi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Ridhaa ya kushawishiwa kwa pesa haikupita.

Basi tumalizie hoja. Kama ridhaa ya kununuliwa kwa 7,000 haifai, ya kununuliwa kwa tochi inafaa vipi? Wale wa KICC angalau walipewa kitu.

Kwa hivyo semina za "linda data yako" pelekeni kwingine. Mzigo si wa mama mboga kusoma kurasa arobaini za masharti kwa Kiingereza cha mawakili. Kamishna wa Data aseme wazi: programu ichukue kile tu inachohitaji kufanya kazi, na anayekataa kufuatiliwa apewe huduma ileile. Tochi imulike. Ikishindwa kuishi bila kutuchungulia, izimwe.