Kabla ya kuuza shamba kwa ajili ya lori la Marekani

Siku hizi si jambo geni familia kupigiwa simu na kijana wao aliyeko Marekani akiomba ndugu wachange, au hata wauze kipande cha shamba, ili anunue lori lake mwenyewe. Amechoka kuendesha lori la mtu, na hilo tunamwelewa. Tatizo ni kwamba kikao cha familia huishia kwenye bei ya lori. Hakuna anayeuliza habari za usajili, na huko ndiko fedha za shamba zinakoweza kupotelea.

Anayetaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo kutoka jimbo moja hadi jingine hawezi kutegemea karatasi za jimbo lake tu. Lazima asajiliwe na serikali ya shirikisho, kupitia FMCSA, mamlaka ya usalama wa magari ya biashara iliyoanzishwa mwaka 2000 chini ya Wizara ya Uchukuzi ya nchi hiyo. Namba ya USDOT hutolewa bure. Kibali cha kubeba mizigo ya wengine huombwa kwa dola 300.

Kwa hesabu hiyo mtu atadhani ni rahisi kama kusajili daladala. Lakini kibali hakianzi kufanya kazi mpaka kampuni ya bima iithibitishie mamlaka kwamba mwombaji amekatiwa bima. Kwa lori zito la mizigo ya kawaida, kiwango cha chini ni dola 750,000, na madalali wengi hawampi mzigo mtu asiye na bima ya dola milioni 1. Kampuni changa hutozwa ghali. Malipo yanaweza kupita dola 10,000 kwa mwaka, na hulipwa hata lori likiwa limelala.

Taarifa za kampuni mpya ziko wazi kwa umma. Kwa hiyo namba ikishatoka, simu na barua zenye sura ya kiserikali huanza kumiminika, zikidai fedha kwa kazi ambazo mwenye lori angezifanya mwenyewe bila malipo, kama kuhuisha taarifa zake za USDOT kila baada ya miaka 2. Mgeni mwenye hofu na serikali hulipa haraka. Matapeli wanalijua hilo.

Kisha kuna kipindi cha uangalizi cha miezi 18, na ndani yake wakaguzi hupitia kumbukumbu za kampuni. Wengi hujikwaa kwenye upimaji wa dawa za kulevya na pombe. Mwenye lori moja anayeliendesha mwenyewe hujiuliza, nitampima nani? Sheria inamtaka ajiunge na kikundi kinachosimamia upimaji wa kushtukiza. Asipokuwa na mpango huo, anaanguka ukaguzi moja kwa moja, hata kama lori linang'aa.

Wapo wanaotafuta njia ya mkato kwa kuazima au kununua namba ya mtu. Anayefanya hivyo hurithi ajali na makosa asiyoyajua, na siku ya ajali bima inaweza kumkana.

Kwa maoni yangu, kijana asiyekuwa na akiba ya miezi kadhaa ya bima asikimbilie kibali chake mwenyewe. Sheria inamruhusu kukodisha lori lake, kwa mkataba wa maandishi, kwa kampuni yenye kibali, akaendesha chini ya namba yao. Atakatwa sehemu ya mapato, ndiyo, lakini atajifunza kazi ya makaratasi kwa gharama ya mwingine.

Basi atakapopiga simu tena, mwulizeni bima atailipa na nini miezi 6 ya mwanzo, nani atatunza kumbukumbu zake, na namba itakayobandikwa mlangoni mwa lori ni ya nani. Akijibu kwamba hayo atayashughulikia lori likishapatikana, mwambieni asubiri kwanza. Shamba lilimwe msimu mmoja zaidi.