Mshahara mnono haununui goti jipya

SEPTEMBA 17, 2024, kiungo wa Manchester City, Rodri, aliulizwa kuhusu wingi wa mechi. Hakuzunguka mbuyu. Alisema wachezaji wako karibu kugoma, kwamba mechi 40 hadi 50 kwa msimu mtu anazimudu kwa kiwango cha juu, lakini zikifika 60 au 70 haiwezekani tena. Siku tano baadaye, City ikicheza na Arsenal pale Etihad, goti lake likaachia. Alirudi uwanjani Mei 2025, ligi ikiwa ukingoni na ubingwa umeshakwenda Liverpool.

Vijiweni jibu lilikuwa jepesi: "Analalamika nini na mkwanja wote ule?"

Hoja hiyo si ya kubeza. Nesi wa zamu ya usiku na mama ntilie anayewasha moto saa 10 alfajiri nao wanachoka, tena hawana daktari wa timu wala mtu wa kuwakanda misuli. Na wachezaji nao wawe wakweli: mishahara ile inatoka kwenye haki za televisheni na viingilio. Mechi zikipungua, mapato yatapungua, na wao wakubali kukatwa.

Lakini kuna jambo linasahaulika. Mshahara unalipa kazi, haufuti uchovu. Na anayeongeza kazi siyo anayekimbia uwanjani. Msimu wa 2024/25 UEFA ilipandisha mechi za hatua ya awali ya Ligi ya Mabingwa kutoka sita hadi nane kwa kila timu. Ulipoisha tu, FIFA ikawapeleka Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu la timu 32, mwezi mzima juani. Nani aliwauliza wachezaji?

Jurgen Klopp alipima mizani hiyo mwenyewe. Januari 2024, Liverpool ikiwa kileleni, alitangaza kuondoka mwisho wa msimu kwa sababu anaishiwa nguvu. Hakufukuzwa, na hakukosa pesa. Ila kocha anaweza kubwaga manyanga na kurudi akiwa na miaka 60. Mchezaji wa miaka 28 akipoteza msimu, umekwenda huo.

Hapa nyumbani somo ni chungu zaidi. Ligi Kuu Bara ina mechi 30, bado Kombe la FA, Mapinduzi, michuano ya CAF na Taifa Stars. Beki wa timu ndogo anatoka Dar es Salaam hadi Mbeya kwa basi, anashuka miguu imevimba, kesho yake anacheza. Mshahara wake ni wa kuungaunga. Huyu hata hizo pesa za kumziba mdomo hana, lakini goti lake halina tofauti na la Rodri.

Basi mjadala usiishie kwenye kiasi anacholipwa mtu. Mikataba iweke idadi ya mechi na siku za kupumzika, kwa tajiri na kwa maskini. Aliyechoka hachezi vizuri, hata umlipe nini.